Mguu Uliotikisika

Kufikia saa za kufungua ofisi, nchi nzima ilikuwa imekwisha kumzindua Kipanga. Waliobaki bila habari ni madaktari wake tu.

Inspekta aliipata habari hiyo kwanza kwa fundi viatu aliyekuwa akimgongea kisigino, kisha kwa mlinzi wa lango la kituo, ambaye kwa furaha alisahau kumpigia saluti. Alipoingia ofisini alimkuta Koplo ameegemeza simu kwenye birika la chai, akiitazama video kwa mara ambayo hata yeye hakuijua ya ngapi.

"Sogea uone muujiza, afande," Koplo alisema. "Mbuzi wangu amezaa pacha, mke wangu amenisamehe, na Kipanga amezinduka. Yote wiki moja!"

"Mbuzi na mke nitakupongeza baadaye. Rudisha mwanzo."

Video haikuwa ndefu. Ilionyesha kitanda, shuka jeupe lenye mhuri wa buluu wa hospitali kwenye pindo, na mguu mmoja ulioachwa wazi kuanzia gotini kwenda chini. Mashine ililia pembeni, mlio wa kukatika na kurudi. Sauti ya mwanamume ikanong'ona: "Kipanga, kama unanisikia, tikisa mguu." Vidole vikajikunja, mguu ukanyanyuka kidogo, ukashuka. Aliyeshika simu akavuta pumzi kama mtu anayejizuia kulia. Uso wa mgonjwa haukuonekana hata mara moja. Chini ya picha palikuwa na maandishi: *Bingwa wetu amezinduka! Amesema aliteleza mwenyewe kwenye kona. Anaomba dua zenu, na anaomba msitafute mchawi.*

"Soma tena hiyo ya mwisho," Inspekta alisema.

"Msitafute mchawi."

"Mtu amelala karibu mwezi mzima, na neno lake la kwanza ni hilo? Haombi maji, hamwulizii mama yake, anazungumzia upelelezi wetu?"

Koplo aliacha kutabasamu. Akaizima simu na kumimina chai ambayo hakuinywa.

Kipanga alikuwa mwendesha baiskeli, na jina hilo alipewa na mashabiki kwa jinsi alivyoteremka milimani, kifua kimelala juu ya usukani, kama ndege aliyeona kifaranga. Siku ya ajali alikuwa mazoezini. Meneja wa timu, aliyekuwa akimfuata kwa gari la timu, aliandikisha maelezo kwamba kijana aliteleza kwenye changarawe, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mbali mno nyuma yake. Inspekta hakuyameza maelezo hayo kwa sababu moja. Taa ya mbele ya gari, ya upande wa kulia, iling'aa kwa upya, ilhali ya kushoto ilikuwa imefifia kwa uzee. Meneja alidai kwamba ile ya zamani ilivunjwa na jiwe muda mrefu kabla ya ajali. Gari likazuiliwa katika uwanja wa kituo, na tangu siku hiyo kila mwenye cheo cha kumzidi Inspekta alikuwa na swali moja tu kwake: litatoka lini?

Mkuu wa upelelezi aliliuliza tena asubuhi hiyo, ila safari hii hakungoja jibu.

"Mwenye mwili amesema," alimwambia Inspekta. "Aliteleza. Wewe ni nani umbishie?"

"Amemwambia nani, afande?"

"Nchi nzima!"

"Nchi nzima si shahidi. Shahidi hukaa kwenye kiti, akaulizwa, akatia sahihi."

Mkuu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaribia kustaafu. "Binti yangu, nisikilize. Chama cha michezo kimenipigia. Wizara imenipigia. Mke wangu amenipigia, analia kwa furaha mpaka nikadhani tumefiwa. Alasiri meneja anazungumza na waandishi pale hospitali, na akimaliza anakuja kuchukua gari lake. Andika tamko la kufunga jalada, nami nitasaini."

"Sitaandika."

"Umesemaje?"

"Nimesema sitaandika, afande. Nitakwenda kumwuliza Kipanga mwenyewe. Akinijibu, tamko nitaliandika kwa mkono wangu, na gari nitaliosha kwa mkono huohuo."

Mkuu aliitazama miwani yake, akaifuta, akaivaa. "Una mpaka alasiri," alisema. "Baada ya hapo nitamtafuta mwenye kalamu nyepesi kuliko yako. Na gari likishatoka, wewe na mimi tunajua fundi wa bodi atakachokiacha."

Inspekta alijua. Fundi wa bodi hangeacha kitu.

*

Mbele ya lango la hospitali watu walikuwa wakiimba. Mmoja alipanda juu ya baiskeli isiyo na matairi akawa anakanyaga hewani, na wenzake wakamshangilia kana kwamba yu katika mashindano. Ghorofani, katika chumba cha wagonjwa mahututi, hapakuwa na wimbo. Kipanga alilala chali, kichwa kimefungwa bendeji, koo limetobolewa na kutiwa bomba lililomletea pumzi. Mama yake alikuwa ameketi miguuni pake, akimpaka mafuta kwa viganja viwili, toka kwenye kifundo cha mguu kwenda juu.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Inspekta bila kuacha kazi yake. "Umekuja kumsikiliza na wewe? Maana nasikia anahutubia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mfagizi ameniletea habari, amenikumbatia, amenipa hongera. Nikamwuliza, hongera ya nini? Akasema mwanao ameongea. Ameongea na nani, na mimi sijaondoka hapa? Wamemtia maneno mdomoni, na koo lenyewe lina bomba!"

Daktari bingwa alikuja, akafunua kope za mgonjwa, akamulika, akafunika. "Hakuna badiliko," alisema. "Sisemi kwamba hatazinduka. Nasema hajazinduka. Mtu mwenye bomba hili hatoi sauti hata akiwa macho."

"Mguu je, unaweza kujitikisa?"

"Unaweza. Misuli hushtuka yenyewe. Ndiyo maana mganga mkuu ameamini kwamba video imepigwa humu ndani, na ndiyo maana anatafuta wa kumwadhibu."

Wa kuadhibiwa alikuwa amekwisha kupatikana. Sista wa zamu, mwanamke mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani, alisimama karibu na mashine kama mtu anayelinda nyumba ambamo ameshafukuzwa. Inspekta alimwita kando, akamwuliza bila kuzunguka.

"Ni wewe uliyepiga video?"

"Ningekuwa mimi, ningempiga picha amefunikwa vizuri. Sipigi picha mguu wa mgonjwa unaning'inia kama wa kuku sokoni."

"Shuka lina mhuri wenu."

"Ndicho alichoniambia mganga mkuu. Shuka ni letu, zamu ilikuwa yangu, basi mwizi ni mimi. Kesho nisije. Nimefanya kazi humu tangu hizo mashine hazijui kulia, afande, na kesho nisije."

Maelezo yake yalikuwa sawasawa, na kwa hiyo hayakuthibitisha lolote. Mwongo mzuri naye husema sawasawa. Inspekta alirudi kitandani. Alikuwa akikusudia kumwuliza mama ni nani waliokuja kumtazama mgonjwa, lakini mama alitangulia kusema.

"Hebu shika hapa," alisema, akauchukua mkono wa Inspekta na kuuweka juu ya muundi wa mwanawe. "Unasikia?"

"Ngozi inakwaruza."

"Ni nywele. Zimerudi zote. Huyu alikuwa akinyoa miguu kama bibi harusi! Nikawa namcheka, mwanangu, unaolewa lini? Akaniambia, mama, timu nzima hunyoa, mtu akianguka kidonda kinasafishika upesi. Akizinduka akaziona hizi, atatugombeza wote." Akacheka, kisha akarudi kwenye mafuta.

Inspekta aliutazama mguu ule kwa makini. Shavu la mguu lilikuwa limenywea, likalala upande kama mfuko ulioishiwa unga, na juu yake zilisimama nywele fupi, nyeusi, nzito. Kisha akatoka kwa hatua za haraka hadi chumba cha wauguzi, ambako simu ziliruhusiwa, akamkuta Koplo amepewa kiti na andazi.

"Nipe video. Isimamishe pale mguu unaponyanyuka."

Koplo alisimamisha. Inspekta aliikuza picha kwa vidole viwili. Shavu la mguu lilijaa, limegawanyika kwa msuli katikati. Ngozi ilikuwa laini kama yai lililomenywa. Nyuma yake, chini kidogo ya shavu, palikuwa na mstari wa vidoa vidogo vyeusi vilivyofuatana, mfano wa alama za meno.

"Hauna nywele," Inspekta alisema.

"Labda walimnyoa hapa."

"Sista!"

Sista aliingia. "Tunanyoa kichwa mahali pa kupasua," alijibu alipoulizwa. "Miguu tumnyoe ya nini? Anakwenda arusini?"

"Basi huu si mguu wa Kipanga," Koplo alisema polepole.

"Na ni mguu wa mtu anayenyoa, tena aliyenyoa karibuni. Mtu ambaye kwake mguu wenye nywele ndio kioja. Mwingine yeyote angalau angejiuliza mgonjwa wa kweli anafananaje. Huyu hakujiuliza. Kwao mguu ndivyo ulivyo."

"Mwendesha baiskeli. Au mwanamke."

"Mwanamke mwenye shavu la mguu kama hilo ukimpata, tumsajili timu ya taifa." Inspekta alimgeukia sista. "Sasa shuka. Usiniambie hayatoki. Niambie ni lini moja lilitoka."

Sista alifungua mdomo kukana, akaufunga. Alikuwa ameikumbuka siku ambayo bila shaka asingependa kuikumbuka.

"Siku aliyoletwa," alisema. "Tulimkata nguo kwa mkasi, hatukuwa na nafasi ya kumvua. Tukazifunga ndani ya shuka alilolalia. Mama alikuwa hajafika, basi furushi nikampa yule meneja. Kwa mkono wangu huu. Nikamwambia shuka alirudishe, akasema atalifua kwanza. Nikaona ana adabu."

"Lilirudi?"

"Adabu gani! Halijarudi mpaka leo."

Inspekta na Koplo walitazamana. Katika maelezo yake, ambayo wote wawili waliyajua kwa moyo, meneja alisema kwamba nguo alizovaa Kipanga siku ile ziliteketezwa na hospitali.

"Kwa hiyo mimi je?" sista aliuliza.

"Kesho njoo kazini."

"Mganga mkuu amesema nisije."

"Njoo. Akikuuliza, mwambie polisi wanataka wakukute hapa."

*

Kambi ya timu ilikuwa nyumba ndefu yenye karakana mbele yake. Baiskeli zilikuwa zimepinduliwa matairi juu, na waendeshaji, wakiwa wamevaa kaptura, waliketi kwenye mabenchi wakifuta minyororo kwa matambara. Walikuwa na miguu mizuri, iliyotakata, inayong'aa mafuta. Koplo aliitazama safu hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Afande, nimeoa miaka mingi," alinong'ona, "na sijawahi kuona miguu iliyotunzwa namna hii."

"Meneja yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Ametangulia hospitali," alijibu mmoja. "Kuna waandishi. Na sisi tunakwenda, tunangoja basi."

"Hongereni basi. Mwenzenu amezinduka."

Walijibu "asante" kwa sauti ya chini, isiyolingana na furaha ya watu waliokuwa wakiimba langoni. Hapakuwa na aliyemwuliza kama amemwona Kipanga. Hapakuwa na aliyeuliza anaendeleaje. Inspekta alilipima jambo hilo na kuliweka mahali pake: hawa hawakuwa watu waliodanganywa.

Mwishoni kabisa mwa benchi aliketi kijana mwembamba sana, ambaye wenzake walimwita Njiti. Yeye peke yake alivaa suruali ya mazoezi, imeshuka mpaka kisigino. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Kaka, joto lote hili na suruali nzito?"

"Nasikia baridi, afande."

"Koplo, wewe unasikia baridi?"

"Mimi nimelowa mpaka soksi."

"Pandisha suruali, kaka. Mguu wa kulia."

Njiti aliwatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa ameinamia mnyororo wake. Akainama, akakunja suruali hadi gotini. Nyuma ya mguu, chini ya shavu, palikuwa na mstari wa makovu madogo meusi, yaliyofuatana sawasawa. Mtu mzoefu wa kazi hiyo asingehitaji kuambiwa yametoka wapi. Ni meno ya gurudumu la mnyororo, yanayomng'ata mwendeshaji anapoanguka upande wa kulia. Inspekta aliiweka simu kando ya mguu huo na kumwita Koplo atazame. Vidoa vililingana, kimoja kwa kimoja.

"Mpaka jana ulikuwa mguu wako," Inspekta alisema. "Leo ni wa nani?"

Njiti aliufunika mstari wa makovu kwa kiganja.

"Sista mmoja amefukuzwa kazi kwa sababu ya mguu huo. Mama wa mwenzako anapewa hongera na wafagizi. Nijibu."

"Nilidhani ni wema," kijana alisema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Meneja alisema watu wamekata tamaa, hata kumwombea wameacha. Akasema, wewe ni rafiki yake, mwazime uhai kidogo. Nikalala kwenye kitanda cha kukandia misuli, akanifunika shuka. Mlio wa mashine aliutoa kwenye simu nyingine."

"Alikuambia unyoe?"

Njiti alimtazama kana kwamba ameulizwa kama aliambiwa apumue. "Hapana. Nilinyoa kama kawaida. Kwani kuna nini?"

"Na maneno yaliyoandikwa chini? Kwamba aliteleza?"

"Hayo sikuyajua! Wallahi, afande. Niliyaona asubuhi kama watu wengine. Nilikwenda nyuma ya karakana nikatapika."

"Ulitapika kwa sababu gani? Kama aliteleza, ameteleza."

Matambara yalikuwa yamesimama kwenye minyororo. Mmoja wa wale vijana, mzee kuliko wenzake, akakohoa. "Njiti," akasema, "angalia utakavyojibu. Sote tuna mikataba, na mikataba anayo yeye."

"Mimi nawaambia tofauti," Inspekta alisema, na safari hii aliwaambia wote. "Mwenzenu hana hata pumzi yake mwenyewe, anaazimwa na mashine. Alichokuwa nacho ni ukweli wa jinsi alivyoanguka, na jana usiku mmeutia sahihi ya mtu mwingine. Kama mkataba wenu unasema mnyamaze, nileteeni nikisome hicho kifungu mbele ya hakimu."

Njiti akaishusha suruali, akasimama.

"Nilikuwa nyuma ya gari," alisema. "Meneja hupenda kutusukuma kwenye mteremko. Anakuja na gari mpaka mgongoni pako, anapiga honi, anapiga kelele uongeze. Siku ile Kipanga alikuwa amechoka. Nilisikia kishindo. Halafu ndipo nikaziona taa za breki. Kishindo kwanza, afande. Breki baadaye."

"Utayarudia hayo?"

"Nitayarudia."

"Na mimi," akasema yule mzee wao, bila kuinua kichwa. "Mimi nilikuwa nyuma yake Njiti. Ni kweli nimesema aangalie atakavyojibu. Amejibu vizuri."

Inspekta hakumshukuru, alimwomba Koplo amwandike. Kisha akauliza nguo za Kipanga ziko wapi, na Njiti akanyoosha kidole kuelekea stoo ya matairi.

Kibali cha upekuzi kilichotolewa mwanzoni mwa uchunguzi kilikuwa bado na nguvu, na kingeendelea kuwa nayo kwa muda uleule ambao jalada lingebaki wazi. Inspekta alikisoma kwa sauti mbele ya waendeshaji wawili, akawaomba waingie naye wawe mashahidi, akavaa glovu. Nyuma ya lundo la matairi walikuta gunia, na ndani yake jezi na kaptura, vimekatwa kwa mkasi wa hospitali, vimekakamaa kwa damu. Mgongoni mwa kaptura ulipita mburuzo mweusi, mpana, ulionyooka, kama alama ya bampa la gari.

"Kwa nini hakuvichoma?" Koplo aliuliza.

"Jezi ya bingwa," Njiti alisema kwa uchungu. "Alisema kama Kipanga akifa, itawekwa kwenye kabati la kioo."

Jezi ya mwendesha baiskeli ina mifuko mgongoni, chini kidogo ya kiuno, ya kutilia chakula cha njiani. Inspekta aliifungua kwa ncha za vidole. Wa kushoto ulikuwa na ndizi iliyokauka ikawa kama gome. Wa kulia ulikuwa na kigae cha kioo kinene, chenye mifereji upande mmoja, kipande cha taa ya gari.

"Mtu akiteleza mwenyewe kwenye changarawe," Inspekta alisema, "mfukoni mwa mgongo wake huokota changarawe."

Alikitia kigae katika mfuko wa vielelezo, akaufunga, akawatilisha mashahidi sahihi, na ndipo akampigia Mkuu. Alimweleza yote kwa mpangilio: mguu, shuka, furushi, mashahidi, kioo. Upande wa pili wa simu, kwa mbali, ilisikika televisheni.

"Meneja amekwisha kuanza," Mkuu alisema hatimaye. "Namwona hapa. Anawaambia kwamba Kipanga amemshika mkono."

"Mwache aseme, afande. Kila neno ni kielelezo. Gari je?"

"Gari gani?" Mkuu alisema. "Funguo zimepotea. Hata mimi sijui nimeziweka wapi. Nenda ukamkamate huyo mtu kabla mke wangu hajalia tena."

*

Mama, aliyekuwa ameitwa ashuke, alikuwa anangoja kwenye ngazi za hospitali, nyuma ya mlango wa kioo. Nje, meneja alisimama katikati ya vipaza sauti, suti imemkaa vizuri, na umati ukimwitikia kila alipopumzika. Inspekta alimweleza mama kila kitu, kwa ufupi, bila kupunguza. Mama alisikiliza huku ameshika reli ya ngazi.

"Naweza kumpitisha meneja mlango wa nyuma," Inspekta alimalizia. "Hakuna haja ya wewe kutoka. Wale watu wameshangilia tangu asubuhi, mama. Ukiwaambia ukweli watakuchukia wewe, si yeye."

"Nisipotoka, wataendelea kusema aliteleza?"

"Mpaka kesi isikilizwe. Na wengine hata baada ya kesi."

"Unajua leo nilikaribia kuwaamini?" mama alisema. "Yule mfagizi aliponikumbatia. Nilimtazama mwanangu, nikasema labda amezinduka nikiwa nimesinzia, nimepitwa. Nilimwita. Nikamwita kama nilivyokuwa nikimwita akichelewa shule." Aliiachia reli. "Fungua mlango."

Meneja alimwona akitokeza, na akafanya kosa la mtu aliyezoea kusikilizwa. "Huyu hapa mama yetu!" alipaza sauti, akainua mikono. "Njoo mama, njoo uwaambie watoto wako kwa mdomo wako!" Akamkabidhi kipaza sauti yeye mwenyewe.

Mama alikishika kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu hajazinduka," alisema.

Wimbo ulikatika mstari wa mbele, ukaendelea kidogo nyuma kwa wale ambao hawakusikia, kisha nao ukazimika.

"Nimekuwa naye mchana na usiku. Hajafumbua jicho. Hajasema aliteleza. Hajasema kitu. Mguu mliouona si wake. Maneno mliyoyasoma ni ya huyu hapa."

"Mama amechanganyikiwa kwa majonzi," meneja alisema, akicheka kwa waandishi, "tumwelewe." Akageuka kutafuta njia ya kutokea na kumkuta Inspekta amesimama papo hapo, na Koplo upande wa pili. Inspekta alimtajia kosa lake na haki zake kwa sauti ya kawaida, na kamera zote zikayasikia yote mawili.

Lakini umati haukuwa ukimtazama meneja. Ulimkasirikia mwanamke aliyewanyang'anya furaha yao.

"Uchuro!" mtu alipiga kelele. "Unamchuria mwanao!"

"Sema amezinduka! Sisi tumeomba!"

"Mama gani wewe?"

Baiskeli isiyo na matairi iliangushwa. Koplo alipiga hatua ili amrudishe ndani, na Inspekta akamzuia kwa mkono. Alikuwa ameuona uso wa mama. Mama hakurudi nyuma. Aliwangoja, kama anavyongojwa mtoto anayejigaragaza chini kwa hasira, mpaka kelele zikachoka zenyewe. Kisha akakisogeza tena kipaza sauti mdomoni.

"Hajazinduka," alirudia, neno kwa neno. "Na mpaka atakapozinduka, hatasemewa."

Akamrudishia mwandishi aliyekuwa karibu kipaza sauti, akageuka kupanda ngazi. Muda wa kumgeuza mgonjwa ubavu ulikuwa umefika.